Telekomande ya gari ilikufa, nikaipasua ku meza ya kulia

Wiki tatu nzima batu banaouza pale soko ya Nyawera, Bukavu, walikuwa wananiona nasimama mbele ya gari yangu mwenyewe kama mwizi asiyejua kazi. Nafinya telekomande, nafinya tena, naisogeza karibu ya kioo, naipiga ku goti, hakuna kitu. Toyota iko inaniangalia tu. Kisha kesho yake inafunguka mara ya kwanza, unajisemea ah leo imepona, kumbe iko nakuchezea.

Fundi mumoja, simutaji, aliishika sekonde tano hivi, hata hakuifungua, akasema: "Muzee, hii imekwisha kufa, unanunua ingine mupya tunaprograme, dola 120." Nikamuuliza, kama imekufa gari inawaka namna gani? Akacheka. Mimi pia nikacheka, lakini mu roho nilikuwa nahesabu minervali ya batoto, feza ya masomo.

Lile swali lilinifuata mpaka nyumbani, na nikakuja kuelewa ya kwamba ufunguo wa hizi gari ni vitu viwili vimepanga nyumba moja. Kuna redio ndogo ya kufungua milango, ile njo inakula batri na kutuma mawimbi (gari za Ulaya sana sana ni 433 MHz, hizi zetu za kutoka Japani ziko karibu na 315, njo maana huwezi kuokota telekomande yoyote ku soko ukasema itaenda). Halafu kuna chip ya antivoli, ya kuzuia wizi, yenyewe haina batri hata kidogo, pale unapoingiza ufunguo kuna waya umezungushwa, ukizungusha ufunguo kufungua kontakte ule waya unaipa nguvu, chip inataja namba yake, gari inaitambua inakubali kuwaka. Basi kama butoni zinakataa lakini gari inawaka, chip iko mzima, ugonjwa uko upande wa redio, na upande wa redio vitu vya kuharibika si vingi.

Jumapili kisha misa, mvua imeshika kama unavyoijua Bukavu, nikakaa ku meza na kisu cha jikoni. Kosa langu ya kwanza njo kisu. Kasha ilipasuka kwa nguvu, vitu vikaruka, na mama ya batoto akakuja na fagio yake. Akasimama. "Baba, haka ni kachafu ama ni ka mu ufunguo?" Kalikuwa keusi, kadogo kama punje ya mchele. Ilikuwa chip yenyewe! Angefagia tu kidogo, gari isingewaka tena na mimi ningemurudilia yule fundi na zile dola kabisa kabisa. Kwa hiyo ukifungua yako tandika kitambaa cheupe kwanza, na uangalie kwa makini fasi chip imebandikwa.

Batri ilikuwa CR2016. Testa ikasoma volti 2.7 wakati mupya inapita 3, nikasema haya, tumemaliza. Nikashuka Feu Rouge, duka ya kwanza wananipa 2032, eti ni moja tu. Haiko moja! 20 ni upana, milimetri 20, sawa, lakini 16 ni unene wa milimetri 1.6 na 32 ni 3.2, yaani mara mbili, ukiisukuma mule unapindisha vyuma na kasha haifunge. Nikaipata duka ya tatu. Nikarudi, nikaweka, nikasimama ku dirisha, nikafinya... hakuna.

Pale nilikasirika kweli. Nikasafisha vile vyuma vinavyoshika batri, vilikuwa na kutu ya kijani sababu ufunguo unakaa mu mfuko na mfuko unalowa kila siku, nikasugua na gome ya batoto ya kufutia penseli, nikapitisha alkoli ya ku farmasi, nikaacha ikauke vizuri. Ikafanya mara mbili, ikalala tena. Njo nikachukua torchi ya simu na lunette ya baba mukwe, miwani yake, nikaangalia polepole ile sahani ya ndani yenye kushika vitu vyote vya umeme, na ukifinya ka butoni ka kufungua unaona mguu wake mumoja unatikisika. Risasi yake, ile inayoyeyushwa kuushika ku sahani, imepasuka kwa kuzunguka, ufa mwembamba kama unywele. Nikikandamiza na ukucha, ka taa ka telekomande inawaka. Nikiachilia, inazima. Wiki tatu ya haya juu ya ufa wa unywele!

Kijana wa jirani anatengenezaka redio na simu, iko na kile kichuma cha moto cha kuyeyusha risasi. Tukaenda, umeme ukakatika. Tukangoja masaa mbili tunakunywa chai tunaongea mpira. Uliporudi kazi yenyewe haikumaliza dakika moja. Alitoa batri kwanza, akagusa ule mguu na risasi kidogo, akapuliza, kwisha. Batri yenyewe usiichome hata siku moja, hata kama chuma chake kimekatika, ikipata moto inaweza kulipuka mu mikono yako. Na ile ya zamani usiiache ku meza kama uko na mtoto mdogo, akiimeza inaunguza koo ndani ya masaa mbili tu, mimi niliifunga na skochi pande zote nikaiweka juu ya kabati.

Sasa inafunguka kutoka ku barza, na mama ya batoto anaifinya hata bila sababu. Shida iliyobaki ni kasha niliyoivunja na kisu, nimeifunga na skochi, batoto wanasema ufunguo umevaa bandeji. Kadutu kuna mutu anauza kasha tupu, unahamisha sahani na chip basi, anataka dola 8. Nimemuambia 5. Tuko tunabishana mpaka leo.