Ndoo ya maji na safari ya Susi na Chuma

Mswada wangu wa kwanza wa kitabu cha watoto ulianza hivi: "Mwaka 1868 wamisionari wa Kikatoliki walifungua misheni Bagamoyo." Nilimsomea binti wa kaka yangu, yuko darasa la nne, tumekaa barazani. Kufika sentensi ya tatu macho yake yalikuwa kwa paka wa jirani. Nilikasirika, ila kwa haki paka alikuwa na vituko kuliko wamisionari wangu.

Nilichotaka ni kuwasimulia watoto wa hapa jinsi mwili wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, ulivyofikishwa mjini kwetu Februari 1874. Mara nyingi habari hii mzungu ndiye bwana harusi, wabebaji ni wapambe. Nikaanza upya, na safari hii ameshafariki ukurasa wa kwanza, Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Waliobaki ni watumishi wake Susi na Chuma, Halima mpishi na wenzao, na uamuzi ni wao.

Umbali ulinitesa. Kilomita 1,500 na zaidi, mtoto atazifanyia nini? Mpagazi wa misafara alibeba kama frasila mbili, kilo thelathini na ushei. Nikajaza ndoo ya lita 20, nikamwambia yule binti wa kaka anyanyue. Haikupita magoti.

"Ongeza nusu yake, halafu nenda nayo kwa miguu mpaka Tabora."

"Shangazi, Tabora si watu wanapanda basi?"

Ndoo ile ikaingia kitabuni kama ilivyo.

Mwalimu mwenzangu alinishauri nifiche habari za maiti, watoto wataota ndoto mbaya. Sikukubali. Niliandika kwamba moyo ulizikwa chini ya mti, mwili ukatiwa chumvi na kukaushwa juani wiki mbili, ukafungwa kwenye gamba la mti. Watoto wa Bagamoyo wanamjua ng'onda, samaki mkavu wa chumvi (Mungu anisamehe), chumvi na jua hawahitaji kuelezwa. Walichokipenda zaidi ni ule ujanja wa njiani: watu walipokataa maiti isipite kwao, wabebaji walijifanya wanairudisha ikazikwe, kumbe wameifunga upya ionekane mtumba wa nguo.

Mchoraji naye alinirudisha nyuma. Alimchora Livingstone hai, juu ya machela, ndevu zote. Nikamwomba achore mtumba tu, na nyuso za waliobeba. Alinitoza upya.

Nilidhani nimemaliza pale Bagamoyo, mwili umekabidhiwa. Binti akauliza, "Nao walienda kuzika?" Nikamweleza: katika msafara ule aliyesafiri na jeneza mpaka London ni Jacob Wainwright. Mazishi yalikuwa Aprili 18, 1874. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, wakakuta ameshazikwa.

Alinyamaza kidogo. "Wabebe wao, halafu wakose hata kutia udongo?"

Nikarudi mezani kuongeza ukurasa.