Jani zuri, mzizi mbovu

Jumamosi, Mombasa

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo unauma kwa sababu unajificha. Shina limenawiri, mtu anakata vijiti vya kupanda na kumgawia jirani, kumbe mizizi chini ina madoa makavu ya kahawia. Muuza krispi wa Lighthouse, hapa Mombasa, hana la kufanya na muhogo huo. Doa halitoki kwa kukaangwa.

Hapo ndipo elimu ya jenomu, yaani DNA yote ya mmea, inaponipa matumaini, ingawa si kwa kila ugonjwa sawasawa. Kwa batobato, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo, mambo ni mepesi: ukinzani uitwao CMD2 umekaa mahali pamoja, kromosomu ya 12, kwa hiyo miche michanga inapimwa DNA na ile dhaifu inaondolewa mapema. Michirizi haina mlango mmoja wa namna hiyo. Kaleso, muhogo wetu wa Pwani unaoistahimili, asili yake ni kazi ya kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, ambako muhogo ulichanganywa na mti wa mpira, Manihot glaziovii. Jenomu iliposomwa, Kaleso na Namikonga ya Tanzania zikaonekana kuwa mmea mmoja. Mzalishaji asiyejua hilo angezikutanisha akidhani anaunganisha koo mbili.

Ila maabara haifufui sampuli iliyooza. Kwa DNA ya mmea, chuma jani changa la juu, toa uti wake, litie kwenye bahasha ya karatasi pamoja na jeli ya silika, chembe za kufyonza unyevu, yenye uzito mara kumi ya jani. Andika kwa penseli, wino hutiririka. Joto na unyevu wa huku huchosha jeli haraka. Ikibadilika rangi, weka nyingine. Kesho yake jani likikunjwa livunjike. Likibaki laini, au likafungiwa kwenye plastiki bila jeli, linageuka jeusi na DNA inakatikakatika.

Ukitafuta kirusi chenyewe, usichume juu. Dalili za michirizi huanza majani ya chini yaliyokomaa, njano ikifuata mishipa. Kirusi hicho hubeba jeni zake kwa RNA, ndugu ya DNA inayoharibika upesi kuliko DNA yenyewe, basi sampuli isilale njiani.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni ya panga. Muhogo ukifikisha miezi 12, ng'oa mashina yote ya kitalu cha majaribio, kata kila mzizi vipande kadhaa na uupe alama, 1 ikiwa safi na 5 ikiwa umeharibika vibaya. Kata moja katikati haitoshi, kwani doa laweza kuwa karibu na kikonyo tu. Mzizi mbovu ukiandikwa kuwa safi, kompyuta inayolinganisha alama hizo na DNA itahusisha ukinzani na jeni zisizohusika.