Nilivyofunga diski nne zikawa moja

Napiga video za harusi hapa Tanga. Harusi moja, ukijumlisha singo, nikahi na walima, kwa kamera mbili inanilia karibu gigabaiti 200. Miaka yote nilikuwa natupia kila kitu kwenye diski ya nje, mpaka siku moja ikaanguka kutoka mezani, ikawa inalia tik-tik-tik. Ilikufa na harusi mbili tumboni. Mama wa bibi harusi mmoja alikuja mwenyewe studio: “Mwanangu, hata zile za nikahi tu hamna?” Nilitazama sakafu.

Hela ya kununua hifadhi maalumu ya dukani sikuwa nayo, ila nilikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani yenye nafasi za kutosha ndani. Nikaiwekea Debian, aina mojawapo ya Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta), kwenye diski ndogo, halafu nikaanza kununua diski za terabaiti 4, moja kila mwezi, mpaka zikafika nne. Kila moja niliipima kwa smartctl, programu inayosoma afya ya diski na saa ilizofanya kazi, kabla ya kuifunga. Ya tatu, niliyouziwa kama mpya kabisa, ilisoma saa 21,000 za kazi. Nikairudisha. Muuzaji hata hakupepesa macho: “Kaka, hiyo ilifunguliwa kujaribiwa tu.” Kujaribiwa zaidi ya miaka miwili, usiku na mchana! Alinibadilishia.

Nilichagua RAID 5, yaani njia ya kuunganisha diski kadhaa ziwe safu moja, ambayo diski moja ikifa data hazipotei. Yangu inaendeshwa na Linux yenyewe kwa programu ya mdadm, bila kadi yoyote ya pembeni. Hesabu yake ni kama kuandika namba tatu pamoja na jumla yake: moja ikifutika, unaipata kutokana na zilizobaki. Hiyo “jumla” haikai kwenye diski moja, inazungushwa zote nne. Gharama yake ni ukubwa wa diski moja, kwa hiyo kati ya terabaiti 16 nilibaki na 12. RAID 6 inavumilia vifo viwili, lakini ningebaki na 8, na mimi harusi zinanisubiri.

Mahali nilipokaribia kujiua mwenyewe ni kwenye majina. Linux huziita diski sda, sdb, sdc, na nilidhani majina hayo hayabadiliki. Nilipohamisha waya mmoja tu, diski yenye Debian ikaitwa sdc, na mimi nilikuwa nimeshaandika amri ya kuunganisha yenye sdc ndani yake. Bado kidole tu kwenye Enter. Tangu hapo natumia majina marefu yaliyo kwenye /dev/disk/by-id, yenye namba ya kiwandani ya kila diski. Nikakata pia vipande vya plasta, nikaandika tarakimu nne za mwisho za namba hizo, nikavibandika upande unaoonekana ukifungua kompyuta.

Amri yenyewe ni mstari mmoja: mdadm --create /dev/md0 --level=5 --raid-devices=4, kisha majina ya diski. Nikafungua /proc/mdstat, faili linaloonyesha hali ya safu, nikakuta [UUU_]: kila U ni diski iliyo kazini, kistari ni isiyokuwepo kazini. Moyo ulinipasuka, nikajua ya nne imeshakufa. Kumbe ndivyo inavyojengwa: mdadm huanza na tatu, ya nne ikajazwa taratibu kama vile imekuja kuziba pengo. Ilichukua saa tisa na ushee. Alfajiri nikakuta [UUUU], nikaweka ext4 (mfumo wa kupangia mafaili) juu yake na kuanza kunakili.

Nikajisifu mapema. Nilipozima na kuwasha, kompyuta iligoma kuwaka, ikanitupa kwenye hali ya dharura. Safu yangu ilikuwa nzima, ila imejiita md127, wakati kwenye fstab, faili linaloiambia Linux ifungue diski zipi ikiwaka, nimeandika md0. Dawa yake ilikuwa kupeleka majibu ya mdadm --detail --scan kwenye /etc/mdadm/mdadm.conf, kuendesha update-initramfs -u ili Linux iyajue hayo tangu inapoanza kuwaka, na kwenye fstab kutumia UUID (namba ya utambulisho isiyobadilika) pamoja na neno nofail, ili siku safu ikileta ukaidi kompyuta iwake hivyo hivyo.

Halafu nikaiua diski moja kwa makusudi. Nilicheza video ya walima, nikatoa amri ya --fail kwa ile yenye plasta ya 7731. Herufi zikageuka [UU_U], na kwenye skrini watu waliendelea kula pilau kama kawaida. Nikaitoa kwenye safu kwa --remove, nikazima, nikafungua kompyuta na kuchomoa waya wa plasta ile ile ili nione kama maandishi yangu yanasema kweli. Yalisema. Nilipoirudisha ilishika nafasi yake kwa dakika chache tu, kwa sababu mdadm ina ramani ya sehemu zilizobadilika, haikuhitaji kujaza upya yote.

Miezi miwili baadaye kijana wangu wa kuhariri alifuta folda nzima kwa bahati mbaya. Diski zote nne zikatii papo hapo, zikafuta. Kilichoniokoa ni diski nyingine ya nje, yenye nakala, ninayoipeleka kila Ijumaa kwa dada yangu Chumbageni, anayeiweka kabatini chini ya kanga zake. Akinifungulia mlango ananiuliza, “Leo umemleta bibi harusi gani?”