Wanafalsafa Uwanjani: Ujerumani Dhidi ya Ugiriki

Katika vichekesho vyote vya Waingereza nilivyowahi kutazama, hakuna ninachokipenda kama mechi ya soka ya wanafalsafa, ambayo kundi la Monty Python liliiigiza mjini Munich mwaka 1972 kwa ajili ya televisheni ya Ujerumani. Leibniz anasimama langoni mwa Wajerumani, mbele yake wakiwa Kant, Hegel, Nietzsche na wengine. Wagiriki nao wanao Plato, Aristotle, Heraclitus na Socrates. Mwamuzi ni Confucius, na washika vibendera ni Mtakatifu Augustino na Mtakatifu Tomaso wa Akwino.

Filimbi inapopulizwa, hakuna anayeugusa mpira. Wachezaji wanatembea huku na huku wakitafakari, mikono mgongoni au kidevuni, huku Franz Beckenbauer, mwanasoka pekee katika kikosi cha Wajerumani, akibaki ameduwaa. Mtangazaji anaendelea kutangaza kwa hamasa ileile ya mechi ya fainali, na hapo ndipo ucheshi unaponoga.

Watu wengi husema kwamba kichekesho hiki kinawadhihaki wanafalsafa. Mimi naona kinyume chake, kwa sababu watano kati ya wasanii sita wa kundi hilo walisoma Oxford na Cambridge, na inadhihirika kwamba waliwafahamu vizuri watu waliokuwa wakiwatania. Nietzsche anaandikwa jina na mwamuzi kwa kosa la kumwambia Confucius kwamba hana utashi huru, yaani uwezo wa kujiamulia mwenyewe. Yeyote aliyemsoma Nietzsche anajua jinsi alivyolishambulia wazo hilo katika vitabu vyake. Karl Marx, ambaye mwaka 1845 aliandika kwamba wanafalsafa wameufasiri tu ulimwengu ilhali la muhimu ni kuubadilisha, anapasha misuli moto kwa nguvu kando ya uwanja, anavua suti ya mazoezi, anaingia badala ya Wittgenstein, kisha anasimama na kuanza kuwaza kama wenzake. Sijapata kuona makala ya kitaaluma iliyoligusa suala hilo kwa wepesi namna hiyo.

Dakika ya 89 wazo linamjia Archimedes, anapaza sauti, "Eureka!" (yaani "Nimepata!"), na kuupiga mpira. Naamini hakuchaguliwa kwa bahati, kwani huyu alikuwa mwanahisabati na mhandisi, mtu anayekumbukwa kwa mitambo iliyoulinda mji wake wa Syracuse, na mawazo yake yaliweza kuvifanya vitu visogee. Wagiriki wanapasiana kwa kasi, krosi inamwagwa, na Socrates anafunga kwa kichwa.

Pingamizi za Wajerumani ndizo zinazonifurahisha kuliko bao lenyewe. Hegel anadai kwamba uhalisia ni nyongeza tu ya maadili, Kant anasema kwamba bao hilo lipo katika fikra peke yake, lakini Marx anasema Socrates alikuwa ameotea. Wawili wa kwanza wanalikana bao kwa nadharia ambayo mwamuzi hawezi kuipima, ilhali Marx anataja jambo lililotokea juu ya nyasi, ambalo mshika kibendera angeweza kulithibitisha au kulikanusha kwa macho yake. Kwa maoni yangu, hapo Marx anafanya kile alichoshindwa kukifanya alipoingia uwanjani.