Isome ndege kabla ya kuiosha

Ndege ndogo ya injini mbili ikirudi hanga, banda lake la kuegeshea, kutoka viwanja vya vumbi vya Mara au Serengeti, mkono huwahi kukimbilia mpira wa maji. Usubiri kidogo. Chukua tochi, daftari na simu ya kupigia picha, uizunguke ndege yote ikiwa bado chafu. Uchafu ule una habari za safari, na maji yakishapita hakuna fundi atakayeipata habari hiyo tena.

Tuchukue Beechcraft Baron 58, ambayo mabawa yake yana upana wa mita 11.5 hivi kutoka ncha hadi ncha. Injini zake zimekaa kwenye mabawa, kwa hiyo moshi, oili na vumbi la breki vyote huishia chini ya bawa, kwenye flapu (vibao vya kukunjua nyuma ya bawa) na kwenye mashimo ya magurudumu. Lala chali hapo na umulike. Doa la buluu kwenye mshono au kuzunguka ribiti (msumari unaoshikilia bati) ni petroli: Avgas 100LL hutiwa rangi ya buluu makusudi, na inapovuja hukauka na kuiacha rangi yake palepale. Wekundu wenye utelezi karibu na gurudumu ni mafuta ya haidroli, mara nyingi kutoka kwenye breki au shokomzoba. Mchirizi mweusi unaoanzia kwenye kichwa cha ribiti na kuelekea nyuma, kama mkia mfupi, unaashiria ribiti iliyolegea inayosuguana na bati. Unga wa kijivu au mweupe ndani ya kifuniko cha injini, karibu na kiungo cha ekzosi, ni gesi inayotorokea mahali pasipo pake. Kwa Cessna za injini mbili zenye tabo (tabochaja, kipulizia hewa cha injini) hilo si jambo la kuandika tu na kuendelea na kazi: mifumo yake ya ekzosi ilileta balaa hata FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ikatoa agizo la lazima la ukaguzi, nambari 2000-01-16. Ukiona unga huo, mwite fundi kabla hujalowesha kitambaa.

Piga picha, andika upande na mahali, kisha ndipo uanze kuziba matundu.

Hapa ndipo kazi ya usafi inapoweza kuua. Tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 ya Aeroperú iliruka usiku kutoka Lima ikiwa na utepe wa gundi uliosahaulika juu ya matundu ya kupima shinikizo la hewa, baada ya ndege kuoshwa na kung'arishwa. Marubani walisomewa kimo na kasi za uongo, na watu wote 70 walikufa baharini. Kwenye Baron matundu hayo yako ubavuni, upande wa nyuma, kila upande, nayo ni madogo kiasi kwamba utepe wa rangi ya bodi huwezi kuuona ukiwa umesimama hatua tano. Kwa hiyo usitumie kamwe utepe mweupe, wa fedha au unaopitisha mwanga. Tumia wa chungwa au wa buluu unaotumiwa na mafundi rangi, kila kipande ukifunge ukanda mwekundu mrefu unaoning'inia, na uvihesabu. Vikiwa 14 vimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, basi 14 lazima virudi vibandikwe kwenye karatasi hiyohiyo, na mtu wa pili ahesabu. Bomba la pito, linalopima kasi ya ndege, livalishwe soksi yake, wala usilizibe kwa utepe, maana gundi hubaki mdomoni. Ziba pia matundu ya hewa ya matangi na viingilio vya hewa vya injini, na uyafunge magurudumu kwa mifuko ya plastiki ili sabuni isifike kwenye beringi na vitambaa vya breki. Kibao kidogo kilicho mbele ya bawa, kinachomwonya rubani bawa linapokaribia kushindwa kuibeba ndege, usikisukume na kitambaa. Kikipinda, rubani atapata onyo wakati usio wake.

Sabuni iwe ile iliyopimwa kwa ajili ya ndege. Tafuta maandishi MIL-PRF-87937 kwenye galoni. Watu hudhani huo ni ulaji wa pesa bure, lakini sabuni kali za kuondoa grisi hula alumini, na baadhi ya kemikali huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu hadi kikawa kinakatika kama mkaa. Sabuni ya unga na jiki zisifike hata hanga. Kwa vumbi la kawaida, mililita 300 hivi kwenye ndoo ya lita 10 zinatosha. Tumboni, penye oili, unaweza kufika lita 1, lakini neno la mwisho ni la lebo. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia glavu, kwa sababu vumbi lina chembe za mchanga, na glavu ya kufulia isiyosuuzwa ni msasa.

Osha kivulini, bati likiwa limepoa. Paka sabuni kutoka chini kwenda juu, suuza kutoka juu kwenda chini. Wengi hufanya kinyume, halafu wanashangaa michirizi isiyotoka: sabuni iliyoteremka juu ya uchafu mkavu hukausha njia yake na kuacha alama. Tumbo lifanywe kwanza, kwa glavu za nitrili na miwani, kwa maana masizi ya 100LL yana madini ya risasi. Yana pia mabaki ya bromini ambayo yakipata unyevu hugeuka makali na kula rangi, kisha bati. Usitumie petroli ya ndege kuondolea oili. Ni desturi ya zamani katika hanga nyingi, na ni mbaya kwa moto, kwa mapafu na kwa ngozi. Mpira wa kawaida wa bustani unatosha; mashine ya shinikizo huingiza maji kwenye beringi, chini ya mishono na ndani ya kitovu cha propela.

Wadudu waliokauka mbele ya bawa wasisuguliwe. Lowesha taulo, litandaze juu yao dakika 10, halafu pangusa; watatoka na taulo. Kama bawa lina mipira myeusi ya kuvunjia barafu, hiyo huoshwa kwa sabuni laini na maji tu. Tina na mafuta ya taa huikausha ikapasuka.

Kwa ndege zinazolala Zanzibar, Mafia au Manda, adui ni chumvi. Hujificha kwenye bawaba za eleroni na eleveta (vibao vya kuongozea ndege, vya bawani na vya mkiani), na huwezi kuiona mpaka unga mweupe wa alumini iliyoliwa utokeze pembeni. Isuuze kila baada ya siku chache hata kama ndege inang'aa. Angalia na maji yenyewe: visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na kuyatumia ni kuiongezea ndege kile unachokiondoa. Maji ya mvua yaliyovunwa ni bora zaidi.

Madirisha nayaweka peke yake kwa sababu ndiyo yanayoharibiwa zaidi na watu wenye nia njema. Si kioo, ni akriliki. Dawa ya vioo vya nyumbani yenye amonia, spiriti, petroli au tina huacha vijistari vyembamba ndani ya plastiki, ambavyo jua likiwa mbele humpofusha rubani, na havifutiki. Vua pete na saa. Mwagia maji mengi, kisha pitisha kiganja kitupu, polepole, ukitumia vidole kutafuta chembe za mchanga. Ukihisi moja, isuuze iondoke kabla hujaendelea. Baada ya hapo ndipo kitambaa safi cha pamba au maikrofaiba na dawa ya akriliki, kwa mistari iliyonyooka ya juu na chini. Ukizungusha mkono, mikwaruzo ya duara itashika mwanga wa jua kila upande. Karatasi za tishu hapana.

Injini husafishwa fundi akiwepo, ikiwa imepoa, magneto (vifaa vinavyotoa cheche za kuwashia injini) zimezimwa na funguo ziko mfukoni mwake. Hata hivyo propela ichukuliwe kuwa hai: waya wa kuzimia magneto ukikatika, kuizungusha kwa mkono tu kunaweza kuiwasha. Funika magneto, jenereta, stata na pampu ya hewa, weka karai chini, nyunyiza kiyeyushi kilichoidhinishwa, kiache dakika 5 hadi 10, suuza, uache kikauke kabisa. Injini isiwashwe ikiwa bado na mvuke. Panga za propela zipanguswe kutoka kitovuni kwenda nchani, panga ikielekea chini, ili maji yasirudi kwenye sili (mpira wa kuzuia uvujaji). Chuma kinachong'aa cha shokomzoba kipanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta yaleyale mekundu ya haidroli. Vumbi likibaki pale, kila kutua ni kukata sili kidogo.

Ndani, maji yawe machache kuliko unavyotaka. Zulia likiloweka, maji huteremka chini ya sakafu penye nyaya za usukani. Vuta vumbi, hasa kwenye reli za viti: mchanga ukijaa matundu, pini haiingii na kiti kinaweza kuteleza wakati wa kuruka. Skrini usizinyunyizie, lowesha kitambaa, si kioo.

Mwisho kazi inarudi kwa fundi. Kila bawaba na kiungo cha magurudumu kilichopitiwa na sabuni kinahitaji kilainishi kipya. Matundu ya kutolea maji tumboni na kwenye eleveta yapitiwe kwa mswaki mwembamba laini, kwani maji yaliyobaki ndani ya eleveta hubadilisha mizani yake, nayo inaweza kutetemeka vibaya hewani. Toa sampuli ya petroli katika kila tangi uangalie kama maji yamepenya kwenye kifuniko. Kisha mkabidhi rubani karatasi yenye vipande vyote vya utepe, pamoja na zile picha za mwanzo, aizunguke ndege mwenyewe na kugusa kila tundu kwa kidole.