Mwaka wa Pili Bila Kazi: Tumaini Liwekwe Wapi

Mtu aliyetafuta kazi mwaka mzima bila kupata hafarijiki akiambiwa "usikate tamaa". Ameshaambiwa mara nyingi mno, tena na watu ambao wakishasema hivyo wanawahi kazini kwao. Neno lenyewe halina ubaya. Ila halimwambii afanye nini kesho saa mbili asubuhi, na saa hiyo ndiyo ngumu kuliko zote: wenzake wametoka, nyumba imetulia, simu haina ujumbe.

Shirika la Kazi Duniani huhesabu ukosefu wa ajira kuwa wa muda mrefu ukifikia miezi 12. Marekani huanza kuhesabu hivyo ukifikia wiki 27. Kwa vyovyote vile, kuna hatua ambapo kutafuta kazi hugeuka kutoka shughuli ya kupita kuwa maisha yenyewe, na maisha hayo yana madhara yake yanayojulikana tangu zamani. Katika kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna nchini Austria, kiwanda cha nguo kilichokuwa tegemeo la kijiji kizima kilifungwa kati ya 1929 na 1930. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kuangalia watu wanaishije, wakachapisha matokeo 1933. Wanakijiji sasa walikuwa na siku nzima mikononi mwao, lakini vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua. Wanaume walitembea polepole zaidi barabarani, na wengi waliacha kabisa kuvaa saa. Muda ulikuwa mwingi, na ukapotea wote.

Kwa hiyo nianze na saa, kabla ya CV.

Tenga muda wa saa 4 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa ajili ya kutafuta kazi: saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana inafaa. Wapo wanaojilazimisha muda wa saa 9 au 10 kwa siku kwa kudhani ndiyo bidii. Angalia maombi yao ya alasiri uone: barua ni ile ile, jina la mwajiri limebadilishwa juu na kusahaulika katika aya ya tatu. Ombi la namna hiyo linakatwa palepale, na mwombaji anabaki akihesabu kukataliwa kwingine ambako amekusababisha mwenyewe kwa uchovu. Alasiri iwe ya kitu kingine chenye mwanzo na mwisho: somo unalojifunza, kibarua, kazi ya mikono, matembezi ya nusu saa. Barua pepe ifunguliwe mara mbili, asubuhi na saa kumi jioni. Simu iache wazi na mlio juu, na namba usiyoijua ipokee, kwa sababu wito wa usaili mara nyingi huja kwa namba ngeni. Jumamosi na Jumapili pumzika bila kujilaumu.

Sasa daftari. Hili ndilo ningependa kila mtafuta kazi awe nalo, la karatasi au la kompyuta. Kila ombi mstari mmoja, na safu hizi: tarehe uliyotuma, mwajiri, nafasi, ulivyoipata (tangazo au mtu), CV uliyotumia, siku ya mwisho ya kupokea maombi, siku ya kufuatilia, na kilichotokea. Siku ya kufuatilia iwe siku 7 hadi 10 baada ya mwisho wa kupokea maombi. Fuatilia mara moja kwa ujumbe mfupi, subiri wiki mbili, kisha andika "imefungwa" na uache kuifikiria. Mstari usiofungwa unaendelea kukusumbua usiku. Mtu mwenye maombi 60 yaliyo wazi kichwani anabeba subira 60 kwa wakati mmoja, na hakuna anayeweza mzigo huo.

Faida kubwa ya daftari hujitokeza baada ya wiki nne hadi nane, ukiwa na mistari 30 hivi. Hapo lisome kama fundi anayetafuta bomba linavuja wapi.

Maombi 30 na hakuna hata aliyekupigia? Tatizo liko mwanzoni kabisa, na halihusiani na thamani yako. Rudi kwenye matangazo kumi kati ya hayo, weka alama kwenye kila sifa iliyodaiwa ambayo unayo. Kama mara nyingi unafikisha chini ya nusu, umekuwa ukicheza bahati nasibu. Punguza idadi, chagua vizuri. Kama sifa unazo, tazama CV. Kampuni nyingi kubwa hutumia programu kuchuja maombi kabla mtu hajayaona, na programu nyingine hushindwa kusoma majedwali, safu mbili mbili, au maandishi yaliyo ndani ya picha. Jaribio lake ni rahisi: nakili maandishi yote ya CV yako, yabandike kwenye ukurasa mtupu usio na mapambo, kisha yasome. Kama namba ya simu imetoweka, au tarehe za kazi moja zimerukia kazi nyingine, huenda na mashine inaona hivyo hivyo. Panga upya kwa safu moja, vichwa vya kawaida, na maneno yale yale yaliyotumika kwenye tangazo pale yanapokuwa kweli kwako. Tangazo likisema "usimamizi wa ghala" na CV yako inasema "utunzaji wa stoo", andika la kwao. Kisha jitumie faili hilo mwenyewe, ulifungue kwenye simu, na ubonyeze namba yako uone kama inaita. Tarakimu moja iliyokosewa inaweza kumeza miezi mingi ya bidii.

Unaitwa kwenye usaili lakini hupiti? Hapo CV inafanya kazi yake, iache. Jirekodi kwa simu ukijibu maswali matatu: jieleze, kwa nini nafasi hii, na taja tatizo ulilolitatua. Kila jibu lisizidi dakika mbili. Ukijisikiliza utagundua unapozunguka. Kosa la kawaida kwa aliyekaa nje muda mrefu ni kuongea zaidi ya anavyoulizwa, kwa sababu nafasi ya kusikilizwa imekuwa adimu.

Na kama unafika hatua ya mwisho halafu kimya? Piga simu kwa wadhamini wako. Baada ya mwaka mmoja au miwili, mdhamini anaweza kuwa amehama, amebadilisha namba, au amesahau ulifanya nini hasa pale. Mwombe tena ruhusa, mtumie tangazo na mistari mitatu ya kumkumbusha. Angalia pia kiwango cha mshahara ulichotaja.

Hapa ndipo tumaini linapopata pa kukaa. Ukiliweka kwenye jibu la mwajiri, umelikabidhi kwa mtu asiyekujua. Ukiliweka kwenye swali la daftari, "nirekebishe nini wiki hii?", linabaki mikononi mwako, na swali hilo lina jibu kila wiki. Hesabu ya wiki iwe ya vitu unavyovimudu: maombi 5 yaliyoandikwa vizuri, watu 3 waliotafutwa, usaili 1 wa mazoezi. Usaili halisi na ajira viandike kwa furaha vikija, ila usivifanye kipimo cha wiki yako.

Pengo kwenye CV linawatesa watu kuliko linavyostahili. Usilifiche kwa tarehe za uongo. Mwajiri wa zamani akipigiwa simu yote yanabomoka, hata baada ya kusaini mkataba. Lijaze kwa mstari mmoja wa kweli: mafunzo uliyosoma, kujitolea, vibarua, kumuuguza mzazi. Kwenye usaili jibu kwa sentensi tatu, basi. Ya kwanza sababu, ya pili ulichofanya, ya tatu kurudi kwenye nafasi yenyewe. Kwa mfano: "Kampuni ilipunguza wafanyakazi na idara yetu ikafungwa. Tangu hapo nimekuwa nikifanya hesabu za wafanyabiashara wadogo wawili na nimemaliza kozi ya programu ya uhasibu. Nafasi yenu inahitaji mtu wa kufunga hesabu kila mwezi, na hilo ndilo nimelifanya kwa miaka 6." Kisha nyamaza. Ukiongeza sentensi ya nne, mara nyingi ni malalamiko au kuomba radhi, na msaili ataikumbuka hiyo.

Kuhusu watu: mwanasosholojia Mark Granovetter wa Marekani aliwachunguza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, akakuta katika utafiti uliochapishwa miaka ya 1970 kwamba wengi wao waliambiwa na mtu wanayeonana naye kwa nadra au mara moja moja. Sababu yake inaeleweka. Rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua. Mtu mliyesoma naye zamani, au fundi mliyewahi kufanya naye mradi mmoja, anaishi kati ya habari nyingine. Basi waandikie watu 3 kwa wiki, na usiwaombe kazi. Anayeombwa kazi asiyokuwa nayo huona aibu akanyamaza. Anayeombwa habari hujibu. Ujumbe mfupi unatosha: "Habari za siku nyingi, dada. Tulifanya kazi pamoja kwenye ule mradi wa maji. Natafuta nafasi ya usimamizi wa ghala. Naomba kujua, kwa unavyoona, ni kampuni zipi zinaajiri watu wa fani hii siku hizi? Nitashukuru hata kwa jina moja." Ukipata jina, fanyia kazi ndani ya siku mbili, kisha mrudishie taarifa. Kurudisha taarifa ndiko kunakomfanya akukumbuke mara ya pili.

Barua ya kukataliwa itakuja, kwa hiyo iandalie mpango kabla. Andika kwenye jalada la daftari: "Nikikataliwa, nitafunga mstari, nitatembea dakika 20, na sitatuma ombi lolote hadi kesho." Ombi linalotumwa na mtu aliyetoka kuumia huwa limebeba hasira au unyonge. Na kama hasira ni ya kazi uliyopoteza, iandike pembeni. Katika utafiti uliochapishwa 1994 kwa wahandisi waliopunguzwa kazi Marekani, walioandika hisia zao za ndani kwa dakika 20 kwa siku 5 mfululizo walipata ajira mpya mapema kuliko wenzao, ingawa hawakutuma barua nyingi zaidi. Maelezo mojawapo ni kwamba uchungu waliokwisha kuumwaga kwenye karatasi haukuwafuata hadi kwenye usaili.

Nyumbani, swali la "umepata?" kila jioni huchoma hata likiulizwa kwa upendo. Kubalianeni siku moja ya wiki, dakika 10, uwaeleze kilichofanyika na kinachofuata. Siku nyingine zote mzungumze mengine. Hapo hapo weka wazi hesabu ya fedha: gawanya akiba yote kwa matumizi ya lazima ya mwezi, upate miezi mingapi mnaweza kuvuta. Hata jibu likiwa baya, linajulikana, na linakuambia mapema ni lini ukubali kibarua cha chini ya fani yako. Ukikubali, linda angalau asubuhi mbili kwa wiki za kuendelea kutafuta.

Jihadhari na wanaowinda waliochoka. Mwajiri wa kweli hakutozi ada ya fomu, ya mafunzo, ya sare wala ya "kuharakisha faili". Anayetoa kazi bila usaili kisha akaomba nakala ya kitambulisho na namba ya benki, achana naye. Siyo ujinga kushawishika. Aliyesubiri miezi 18 anataka sana kuamini. Ndiyo maana kanuni iwekwe mapema: hakuna kulipa, na kila ahadi ilale usiku mmoja kabla ya kujibiwa.

Kuna wakati ratiba na daftari havitoshi. Kama kwa wiki mbili karibu kila siku huna hamu ya chochote, usingizi umevurugika, chakula hakipiti, unajiona mzigo, hiyo inaweza kuwa sonona, na ina tiba. Nenda kituo cha afya. Na mawazo ya kujidhuru yakija, mwambie mtu leo, usingoje yapite.

Ukiahidiwa kazi, usifunge daftari kwa neno la simu. Endelea kutuma maombi na kuhudhuria usaili hadi mkataba uwe umesainiwa na pande zote mbili na tarehe ya kuanza imeandikwa, kwa sababu ahadi za mdomo huvunjika, na anayeacha kila kitu kwa ajili ya ahadi huanza tena kutoka sifuri akiwa na maumivu mapya. Mkataba ukishasainiwa, waandikie waajiri ambao bado wanakushughulikia kwamba umejiondoa. Kisha pitia safu ya "ulivyoipata", uwatafute mmoja mmoja wote waliokupa jina, namba au tangazo, uwaambie umepata wapi.