Cheti kikavu

Leo mvua imetunyeshea vibaya hapa Bukavu. Maavoka (mawakili) wawili kati ya watatu niliowapangia zamu ya kusaidia watu kisheria walichelewa. Siwalaumu, wanajitolea bila malipo.

Lakini mama mmoja mjane kutoka Kadutu, hapa hapa mjini, alikuwa mlangoni tangu saa moja. Mashemeji wanataka kumtoa nyumbani.

Akafungua kitenge. Ndani, mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko, cheti cha ndoa.
Kikavu kabisa.
Yeye mwenyewe alikuwa amelowa chapachapa.

Avoka akamsomea Sheria ya Familia ya Kongo (DRC) ya 1987: mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe.

“Soma tena, mwanangu.”
Alisomewa mara tatu.

Maavoka wenzetu, nani ana nafasi Alhamisi? Niandikieni hapa.